Pembea ya Uani

Maskati

Kwako dada yangu Rukia,

Assalaam aleikum, na shikamoo dada. Nakuuliza hali yako wewe kwanza, kabla ya hali ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa najua siku hizi kila anayepiga simu hapo nyumbani huuliza ya Mama kisha akakata. Mgongo wako vipi? Usingizi unaupata? Na shemeji huko Mombasa, anajipikia au ameshahamia kwa mamake? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hautulii. Nimekaa kukuandikia, nikainuka, nikafua shati ambalo halikuwa chafu, nikarudi kukaa, na hata sasa mguu mmoja unataka kwenda zake.

Najua utashangaa kuona karatasi zama hizi. Lakini simuni tukizungumza twagombana, na nikikutumia sauti waifungulia mle mle chumbani, Mama anasikia yote. Haya ya leo sitaki ayasikie kwanza. Anayekuletea barua ni Baraka, mwenzangu wa Gede ninayefanya naye kazi, anakuja likizo. Atakupa na mzigo mzito kidogo. Usiufungue mbele ya Mama mpaka usome hapa mwisho.

Dada, uliyoniambia juzi nimeyasikia vizuri, japo nilikujibu kwa ukali. Kwamba umechoka. Kwamba una mume na nyumba yako. Kwamba masika yakikaribia utamchukua Mama ukae naye Mombasa, ghorofa ya nne, na nyumba yetu ya Barani hapo Malindi ifungwe. Sikulaumu hata kidogo. Tangu Mama apooze ule upande wa kulia ni wewe unayemwosha, wewe unayemlisha, wewe unayemgeuza kitandani, na mimi ni bingwa wa kutoa maagizo kutoka ng'ambo. Lakini Mama ameniomba. Siku ile uliyompa simu ukaenda kutazama chungu jikoni, aliniambia, "Swaleh, dadako asinipeleke ghorofani. Nikipanda kule sishuki tena." Wewe wajua maneno yanavyomtoka kwa taabu sasa. Alichukua muda kuyasema hayo, na nikamwahidi kwamba hatapelekwa. Nikishaahidi ndipo nikajiuliza nimeahidi kwa nguvu gani.

Ndiyo maana nimeishikilia hii habari ya pembea mpaka ukaniuliza kama nimerogwa. Daktari alisema asilale kutwa, atolewe nje, miguu ipate kazi. Kwenye kiti hakai, baada ya dakika chache ataka kurudi ndani. Na ni yeye mwenyewe aliyesema, hakuna aliyemfundisha, "Laiti ningekuwa na pembea kama ile ya kwa bibi yangu kule Shela." Nikaona mlango umefunguka. Akikaa nje, akipata nguvu kidogo, akaanza kula, nawe utaona hapana haja ya kumhamisha. Hesabu yangu yote ilikuwa hiyo.

Sasa ile ya kwanza. Mimi kazi yangu ni kupeleka na kufunga viti na pembea za bustani katika majumba ya watu, kila siku ya Mungu. Nani angenifunza mimi pembea? Nikachagua ile ya chuma nyeusi yenye mito minene, nikakwambia iwekwe barazani kwa mbele, apate upepo na atazame watu. Huku ndivyo wanavyoweka. Na wewe ukanyamaza ukaiweka, dada, sijui ulikuwa wanikomoa au ulikuwa huna nguvu ya kubishana. Mama maisha yake yote hajakaa ile baraza. Ile ilikuwa ya Baba na wenzake na kahawa yao, na sasa ni ya yeyote atokaye msikitini akataka kupumzika. Mama ufalme wake ni uani. Uliponisimulia alivyokwambia, "Nikae hapa nipembee, wanaume watoke kuswali wanipite? Mwaniona nimeugua mpaka na haya zangu?" nilicheka hadi Baraka akaja kuuliza kuna nini. Kisha kicheko kikaniishia. Nimezaliwa katika nyumba ile, na kukaa kwangu huku kumetosha kunisahaulisha mamangu hukaa upande gani.

Na yenyewe pembea haikumngojea abadili nia. Hiyo picha uliyonitumia, ya kanga zimeanikwa juu yake, niliivuta karibu nikaona mnyororo umeshika kutu mpaka imechuruzika sakafuni, na mito imeota ukungu. Chuma kile kile huku hukaa, kwa sababu mvua ni ya kusimuliwa. Kwetu upepo wa chumvi, jua na mvua vinakula kwa zamu, na Barani hata ufuoni si karibu. Rangi ilikuwa ya kupuliziwa tu. Chini yake hapakuwa na zinki wala chochote.

Basi ikawa tutafute nyingine ya uani, na uani hapana paa ila lile la jiko. Itanyeshewa, itachomwa, na itakaa humo miaka. Hapo ndipo usingizi uliponihama. Nikiwa kazini nafunga pembea ya mtu nagonga nguzo zake kwa kidole, nasikiliza, mpaka msimamizi ameniuliza kama nataka kununua au kufunga. Asubuhi naamka nimeamua alumini, kwa kuwa haishiki kutu. Adhuhuri nampigia Fundi Kazungu, anasikiliza mpaka namaliza, kisha anasema, "Alumini ni nyepesi, bwana Swaleh. Kusi likivuma itahama na mamako." Nikahamia mbao. Mbao gani? Ile laini ya dukani mchwa wataimaliza kabla ya Mama kuizoea. Kazungu akasema mwarubaini, mchwa hawaupendi, na huko Malindi haukosekani. Nikasema sawa. Akasema ataupaka oili chafu ya gari juu mpaka chini. Hapo nikakataa, tukavutana vibaya. Nikamwambia, huyo ni mama anayevaa buibui na kanga za kunukia, atoke hapo amepakwa mistari kama ngazi ya gereji? Akanuna. Akapendekeza sifa, mafuta ya papa wanayopaka majahazi. Nikamwambia apake kwake.

Wewe ukaniambia, kwa sauti yako ile ya kuchoka, "Swaleh, chagua tu kitu kimoja." Siwezi, dada. Nikichagua vibaya mara ya pili hapatakuwa na ya tatu, masika yatakuwa yamefika na Mama atakuwa anapandishwa ngazi. Kila skrubu naiona kama ndiyo itakayompeleka Mombasa.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikae chini kukuandikia.

Wiki iliyopita tulipeleka pembea kwa bibi mmoja, Bi Zuwena. Mwarabu wa huku huku lakini alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Watoto wake walimwagizia kutoka dukani kwetu ile kubwa kuliko zote, ya chuma kisichoshika kutu kabisa, kivuli juu, mto wa kitambaa kisichoshika maji. Kitu cha maana, dada. Nikaifunga, nikaifuta, nikamkalisha. Akakaa. Pembea ikasimama pale pale. Miguu yake haifiki chini, na hata ingefika haina nguvu. Akanitazama, akasema, "Wanangu wameniletea kitu kizuri. Bado hawajapata nafasi ya kuja kukiona. Hebu nisukume kidogo, mwanangu."

Nikasimama nyuma yake nikamsukuma. Baraka alikuwa garini anapiga honi, tulikuwa na nyumba nyingine ya kwenda. Mimi nasukuma tu. Bibi alifumba macho, akawa anavuta uradi taratibu, na nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo. Alipofumbua macho akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Malindi. "Na mamako yu hai?" Nikamwambia yu hai. Akasema, "Mungu amhifadhi," akaniombea dua, akanipa tende. Hakuniuliza zaidi ya hapo. Lakini garini sikuweza kuzila, nilimpa Baraka.

Unaona nilivyokuwa mjinga? Nimepima mbao, nimepima mnyororo, nimewaza kutu na mchwa na kusi, na Mama upande mmoja haumtii. Hata ningempelekea ya dhahabu hawezi kujisukuma. Akikaa itasimama, na ikisimama ni kiti tu, na kiti amekwisha kikataa. Na wewe ulilijua hilo tangu mwanzo, naona, na ndiyo maana kila nikizungumzia pembea ulikuwa unanyamaza. Ulikuwa unajua msukumaji ni wewe, kazi nyingine juu ya zile kazi.

Naogopa, dada. Nasema waziwazi kwa kuwa ni karatasi. Naogopa kubaki huku nikasukuma mama za watu mpaka siku nipigiwe simu. Na naogopa kurudi vile vile, maana Malindi sijui nitafanya nini, hoteli zenyewe wajua zilivyo, leo zimefunguliwa kesho zimefungwa. Nimezunguka na haya mawili mpaka kichwa kimeuma. Kisha nimekwenda kwa meneja nikamwambia mkataba huu ukiisha sitii sahihi mwingine. Unaisha kabla ya masika. Amenipa muda nifikirie tena, nikamwambia ahsante, nimeshafikiria vya kutosha vya umri wangu wote.

Sasa mzigo. Ni mnyororo wa chuma kisichoshika kutu, na vikulabu vyake, na bolti. Nimeununua kwa akiba yangu, hata usianze maneno. Baraka amelalamika wee, ati uwanja wa ndege watamuuliza amekwenda kumfunga nani. Mpe chai anywe, na umsikilize hadithi zake, ana safari mpaka Gede.

Fundi Kazungu mwambie hivi, na umwambie kwa upole maana bado amenuna. Miguu ya pembea iwe ya mwarubaini, minene, isichimbiwe ardhini ila ikae juu ya mawe, maji yapite. Oili chafu yake, basi, apake kwenye nyayo tu, ambako nguo hazifiki. Kikalio kiwe cha mbambakofi, mbao nyembamba zilizoachana, ili mvua ishuke isituame. Misumari sitaki, atumie bolti zangu na skrubu za shaba. Mito achana nayo, kunja tu kanga nene umtandikie, na ukimtoa uikunjue. Mkono wa kuegemea upande wa kushoto uwe mrefu, ndio mkono ulio hai. Kile kikalio kiwe chini, wayo wake ukanyage vizuri, asining'inie kama Bi Zuwena. Na mnyororo pale anaposhika auvishe kipande cha mpira wa maji, usimbane vidole.

Mama usimwambie kwamba nakuja. Ataanza kuuliza kila adhana, na mambo ya ndege na vibali hayatabiriki. Mwambie tu pembea inatengenezwa uani, karibu na ule mti wake wa mkilifi, na kwamba wanaume hawatamwona ila fundi, na fundi atamaliza aende zake. Na wewe nakuomba uvumilie mpaka hapo. Nikifika utarudi kwa mumeo, ulale, uamke wakati utakao. Sikuombi zaidi.

Nisalimie shemeji, mwambie nashukuru kwa subira aliyonayo, wengine wangekuwa wameshaoa mke wa pili. Nisalimie mama mdogo, na jirani yetu Mama Kadzo anayekusaidia kumwinua Mama, Mungu ampe afya. Fundi Kazungu naye msalimie, mwambie yale maneno ya sifa, mafuta yake ya papa, nimeyasamehe. Mama mbusu mkono, ule wa kulia, hata kama hausikii.

Na jambo moja lililobaki, usilisahau. Kazungu ana tabia ya kubana vitu ukutani ili kuokoa nafasi. Mwambie pembea asiisogeze ukutani. Aache nafasi nyuma yake, ya mtu kusimama.

Ni mimi nduguyo,
Swaleh