Cheti cha Ubatizo Mpakani

Jumapili, Maisaka. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi na jua halitoki. Kanisani sikwenda. Nimesingizia kichwa.

Ukweli ni aibu.

Ijumaa nilisafiri na binti yangu Roza, ana miaka tisa, tukamwone bibi yake. Mama yangu yuko Nairobi kwa dada yangu, figo zimemchosha, safari haziwezi tena. Roza ni wajina wake. Kila akipiga simu swali ni lile lile: "Mama Roza, wajina wangu unamleta lini?"

Tulifika Namanga mchana. Nikatoa hati yangu ya kusafiria, na kwa Roza nikatoa cheti cha ubatizo, tena nimekitia plastiki, najiamini kweli. Cheti hicho ndicho kilichomwandikisha shule, ndicho kilichotumika kwenye komunio. Sijawahi kuona kimekataliwa. Dada wa uhamiaji dirishani alikigeuza mbele na nyuma, akasema kwa upole, "Mama, hiki ni cha kanisa. Cha kuzaliwa kiko wapi?"

Hakipo. Karatasi niliyopewa hospitali alipozaliwa nimeichomeka ndani ya Biblia miaka yote tisa, kila mara nasema wiki ijayo nitakwenda kumwandikisha. Ofisi iko hapa hapa mjini, bajaji dakika kumi. Ni uvivu tu, sina jina lingine la kuupa.

Roza alikuwa amepakata chupa ya asali ya kumpelekea bibi. Akauliza mbona tunageuza. Nikamwambia mpaka umefungwa.

Nilimdanganya mwanangu mchana kweupe. Aliwatazama watu wakivuka na mizigo yao, halafu akanyamaza mpaka Arusha. Na mimi nilimwacha anyamaze, maana ilinifaa.

Asali iko kabatini. Mama amepiga simu mara mbili na sijapokea. Najua hana muda mrefu, na bado sijapokea.

Leo mezani ilikuwa zamu ya Roza kusali. Akabariki ugali, akamwombea bibi apone, kisha akaongeza, "Na ule mpaka, Mungu, na sisi utufungulie."

Nikaitikia amina.

Kesho ofisi ikifunguliwa watanikuta mlangoni na ile karatasi ya hospitali. Lakini kwanza, Roza akiwa anavaa sare, nitamwambia kwamba mpaka ulikuwa wazi, na aliyemfungia ni mama yake.