Mwangi Amefungiwa

Jumamosi, Ruiru

...na bado nacheka, kwa sababu mume wangu alipopiga kelele sebuleni, "Wambui, nimefungiwa!", mimi nilisikia amefungwa.

"Mabao ngapi, mpenzi?" nikauliza kutoka jikoni.

"Si mabao! Nimefungiwa kucheza mtandaoni. Milele!"

Kumbe ile mashine ya gemu aliyonunua Githurai kabla ya harusi ilichezewa ndani ili ikubali gemu za kunakili, na wenye mtandao wameigundua. Mwangi alijua. Mume wangu mzuri, mtamu, mjanja kidogo!

Lakini niliogopa. Kaka yangu Njoroge, kule Ngoliba, bado hajamzoea. Huwa wanaongea Jumamosi tu, wakicheza mpira mtandaoni, kila mtu kwake. Bila gemu wataongea nini?

Mara Njoroge akampigia Mwangi simu, naye akaiweka kwenye spika. "Shemeji, mbona umepotea? Umeniogopa?"

Mwangi angeweza kusingizia kwamba stima imepotea. Badala yake akanitazama, akasema ukweli wote. Moyo wangu ulivyojaa upendo hapo...

Halafu kaka akaangua kicheko. "Yaani hata na mashine ya ujanja bado nakufunga! Yangu haijaguswa. Kuja tucheze huku, nikufunge ukiniangalia."

Hajawahi kumwambia Mwangi aje kwake. Hata siku moja! Nilimkumbatia mume wangu mikono ikiwa na unga wa chapati, shati likaharibika, na wala hakujali.

"Tutakuja na Wambui, shemeji," akasema. "Kabla mwezi huu haujaisha."