Plaisi ya Kipkemoi

Jeruto uko? Wacha hiyo ugali, soma hii kwanza.

Unajua ile plaisi ya bwanangu Kipkemoi ya kazi ya stima, yenye mikono nyekundu? Ile alikatalia hata ndugu yangu? Ile aliniambia imepotea, mimi nikabaki kufungua bomba ya jikoni na meno?

Nimeiona. NIMEIONA. Iko Kikopey kwa yule mwanamke wa buchari, Cheruto, inageuza mbavu za mbuzi kwa moto.

Nikamuuliza, "Hiyo plaisi ni ya nani?"

Akacheka. Eti, "Hii si plaisi, mama Kibet. Hii ni koleo. Kipkemoi ndiye alinifunza hilo jina."

Koleo! Jeruto, KOLEO! Miaka yote kwangu ni "plaisi iko wapi", kwake anaongea Kiswahili ya redio!

Nikamnyang'anya ikiwa bado moto, wateja wakiangalia, nikaifunga na leso nikatia kwa mkoba.

Nimefika nyumbani nikafungua kamusi ya mtoto. Koleo ni ya kushika makaa, ya kukunja waya, ya kung'oa misumari. Ya kushika bwana ya wenyewe haijaandikwa.

Sasa Kipkemoi ameingia. Nilikuwa nimejipanga kupigana. Amesimama hapo mlangoni akanusa harufu ya mbuzi choma, akaangalia mkoba wangu, akauliza polepole, "Ulipitia kwa Cheru?"

CHERU.

Kumbe si plaisi peke yake ilipewa jina jipya.