Vipimo vya Kabula na Vyangu

Geita, kambini

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na kifua cha baba kimetulia. Mimi sijambo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Wifi Zainabu akusomee taratibu.

Wiki iliyopita wapishi wote wa kambi ya mgodi tulipimwa afya. Muuguzi alinipandisha kwenye mizani, akanipima urefu, akagawa kilo zangu kwa urefu wangu, kisha akagawa tena kwa urefu uleule. Ikaja thelathini na moja na kitu.

"Ikivuka thelathini ni unene uliozidi," akasema, wenzangu wakisikia.

Kabula, Msukuma ninayekaa naye chumba kimoja, alipata ishirini na mbili. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanaidi, wewe utarudishwa Bagamoyo!"

Sikucheka. Niliogopea kazi.

Daktari akatuita ndani. "Namba hii haisemi nani mgonjwa," alisema. "Inatuonyesha pa kuanzia tu. Haitofautishi misuli na mafuta, wala haioni sukari kwenye damu."

Basi wote tukatolewa damu. Sukari yangu ilikuwa sawa. Presha imepanda kidogo, nimeambiwa nipunguze chumvi na nitembee. Sukari ya Kabula ilikuwa juu sana. Wakarudia kesho yake kabla hajala chochote, ikawa ileile.

Alikaa kitandani, karatasi mkononi. "Mimi? Na wembamba huu?"

Nikamuuliza kama kuna dalili alizokuwa akiziona. Akasema kiu isiyokatika, na kwenda haja ndogo kila mara. Alidhani ni joto la jikoni.

Mama, hayo ndiyo uliyoniambia mwezi wa Shaabani, nami nikakujibu kuwa ni joto la huko kwetu Mkange. Nilikosea. Najua utasema sukari ni ya watu wanene, na wewe kanga inakuzunguka mara mbili. Kabula naye alisema hivyo.

Ameanza dawa, na anapika kama kawaida. Mimi kazini nipo, hakuna aliyefukuzwa.

Nisalimie baba, shangazi muuza vitumbua, na mjomba mwadhini. Jumatatu wifi akupeleke zahanati kabla hujanywa chai. Mkishapewa majibu anipigie hapohapo mlangoni, msipande pikipiki kwanza. Nimeomba ruhusa ya asubuhi hiyo. Nitakuwa nimekaa na simu.

Mwanao,
Mwanaidi