Foleni ya Zadock

Nyalenda,
Kisumu.
8 Machi 1998

Mpendwa ndugu yangu Gordon,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Afya yako inaendeleaje, na hiyo baridi ya Leicester imekuachia meno? Mama anauliza kama unapata ugali au umeshazoea viazi. Sisi tuko wazima, tunamshukuru Mungu, ila mimi nimejaa hasira na leo nakumwagia wewe.

Asante kwa disketi yenye ile lugha ya programu, Perl. Ilifika salama, ikafanya kazi, ikaniletea vita.

Unamkumbuka Zadock, mtoto wa baba mdogo, aliyefungwa tai na bibi harusi siku ya harusi yake? Ndiye mkubwa wangu sasa kwenye ofisi ya kupokea samaki kiwandani. Alienda Nairobi kwa kozi ya kompyuta, akarudi na cheti na shingo ngumu. Siku hizi hapimi samaki wa mtu mpaka Excel yake ipate jina la muuzaji na ufuo alikotoka. Sawa, lakini hiyo Excel, yawa! Ukimuulizia mtu, inaanza juu kabisa na kushuka mstari kwa mstari, kama mgeni anayebisha kila mlango hapa Nyalenda akimtafuta jirani yetu Milka. Ukimtaka Jentrix pia, inarudi mlango wa kwanza.

Wakati huo akina mama wako getini juani, barafu inayeyuka kwenye mabeseni. Mama yetu alitoka Asembo Bay alfajiri na samaki wake, mbuta wanaong'aa. Jina lake lilipopatikana, samaki walikuwa wamelegea. Zadock hakuona hata haya. "Mama Beldina, hawa wameharibika, rudi nao." Na anajua Mama hana biashara nyingine! Alijitwika beseni akaondoka, nami nikaapa kuimaliza hiyo foleni.

Nikachukua disketi yako, nikaandika kiprogramu kisichojaza hata ukurasa. Asubuhi kinasoma orodha yote mara moja tu na kukumbuka kila mtu yuko wapi. Ukiandika jina, jibu liko hapo hapo. Kufika saa ya chai geti lilikuwa tupu, samaki wote wako ndani kwenye barafu.

Nilidhani atashukuru, mjinga mimi! Alichungulia nje, akarudi amekunja uso: "Lornah, watu wako wapi?" Ndipo nikaelewa. Mwenye haraka alikuwa akimpelekea mbuta mnono nyumbani ili jina lake litangulie. Foleni ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Mwanamume mzima, na tai shingoni, anakula jasho la akina mama! Akafuta kiprogramu changu, akarudisha Excel, eti huo ndio utaratibu wa ofisi. Utaratibu wa tumbo lake. Hajui hata kwamba nakala imebaki kwenye disketi, na disketi iko mkobani mwangu.

Juzi akina mama wakafika, Mama akiwa wa kwanza. Zadock akaingiza jina lake na kuwaambia wakae chini wangoje. Hakuna aliyekaa. Walishaonja kuhudumiwa upesi. Mama akabeba beseni lake, wote wakamfuata hadi kiwanda cha pili, ng'ambo ya reli. Bwana Ephantus wa huko alinunua samaki wao wote, kisha akauliza ni nani aliyeandika hicho kiprogramu wanachokisifu. Mama akasema ni binti yake. Naanza kazi huko kesho, kwa hiyo ukipata kitabu cha Perl nitumie.

Msalimie shemeji Metrine na watoto. Milka na Ouma wanakusalimu sana. Mungu akulinde huko ugenini na akurudishe kwetu salama. Zadock hakutuma salamu, na angetuma nisingeziandika. Nilipomwacha jioni hiyo alikuwa bado anakodolea macho skrini, Excel ikimtafuta Beldina mstari kwa mstari. Beldina mwenyewe, mama yetu, alikuwa nyumbani, ameshauza, anakaanga mbuta aliojiwekea.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Lornah