Dari Iliyopigwa Bila Nyimbo

Maskati, Ijumaa

Ndugu yangu Hamad,

Assalaam alaykum. Nauliza hali yako na ya wifi yangu. Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi, moyo usiniulize. Wiki ya pili sasa simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika kwa mkono. Barua nimempa jirani yangu hapa, Bi Time, anayekuja likizo. Nimemwambia akae mbele yako mpaka uimalize.

Jumatatu nimetoka jikoni kwa watu, hata aproni sijavua, nikakuta picha kutoka kwa binamu yetu Asha. "Dada, nyumba ya babu iko wapi?" Nikadhani anatania. Kutazama, kiwanja cheupe! Matofali ya saruji yamepangwa, na ule mlango wa nakshi umelazwa chini, mafundi wanachanganyia zege juu yake. Hamad! Mlango wa babu!

Tulikubaliana nini mimi na wewe? Likizo iliyopita tulichimba shimo nyuma ya nyumba, tukazima chokaa pamoja kwa maji mpaka mikono ikatuchubuka. Ukasema, "Dada, chokaa ikiiva tu nakusanya kina mama, tunapiga dari upya." Mama tukampeleka Msuka kwa mama mdogo akae hadi kazi iishe, maana dari ilishaanza kumdondokea kitandani. Aliondoka na mkoba mmoja wa ukili.

Kisha ukanitumia ile sauti kwenye simu. Pa! Pa! Pa! "Sikiliza dada, kazi imeanza." Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Nikakumbuka enzi zile mama yuko juu ya dari anaanzisha nyimbo, wanawake wa kwetu Pujini safu mbili wanaitikia huku wakiishindilia chokaa kwa vigongo vyao, siku tatu nzima, mpaka dari ikaze, na mimi mdogo nanyunyiza maji. Nikampigia mama, nikamsikilizisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mbona hawaimbi?"

Unajua nilimjibu nini? Nilikutetea! Nikasema, "Mama, wanawake wa siku hizi nyimbo hawazijui." Akasema, "Basi nirudisheni nikawafundishe."

Kumbe ni nyundo zako zinabomoa kuta. Umenifanya nimdanganye mama kwa mdomo wangu mwenyewe. Ulitaka nyumba ya kisasa, si ungesema? Tungegombana, tungepatana. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nami nilidhani wanasema ya watu wengine. Wallahi umenivunja.

Wifi nisalimie, simlaumu. Asha mpe asante yangu, na mama mdogo mbusu mkono kwa kumtunza mzazi wetu. Utambusu mwenyewe, kwa sababu utakwenda Msuka kumwambia mama kwa mdomo wako. Usitume mtu, usipige simu. Kila nikizungumza na mama ananiambia mkoba ameshaufunga, na nyimbo nne amezikumbuka, ya tano tu ndiyo inamtoroka. Anakungoja wewe umfuate.

Dada yako,
Zuwena