Ugali wa Mzee Masanja

Bugarama, Jumanne usiku

Bado naona aibu, hata chakula cha jioni kimenishinda.

Mchana nilikwenda maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, kuwatafuta wanaokaa chumba kimoja na Mzee Masanja, mchimbaji tunayemtibu kifua kikuu, ili wapimwe. Nilikusudia kuongea na kila mmoja pembeni. Lakini jua lilikuwa kali na mashine zinapiga kelele, nikapaza sauti: "Nani anakaa na yule mzee wa TB?"

Wote wakageuka. Mzee mwenyewe alikuwa palepale, anakula kwa mama lishe.

"Mzee, kesho uje na sahani yako," mama akamwambia.

Nikaeleza haraka kwamba TB haiambukizwi kwa vyombo, na kwamba kwa dawa alizokwisha kunywa, mzee hawezi tena kumwambukiza mtu. Nikadhani nimeyamaliza.

Mzee Masanja akausogeza ugali wake mbele yangu. "Karibu basi, mwanangu. Tule."

Nikasema nimeshiba. Mimi, ambaye sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu alfajiri! Alinitazama kidogo, akainuka akaondoka. Wenzake nao wakatawanyika, na hakuna aliyekubali kupimwa.

Jioni nilimfuata kwake kumwomba radhi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yameisha hayo."

Akameza vidonge vyake nikiona. Kisha akachukua kigoda, akaniwekea nje ya mlango, yeye akakaa ndani, ukutani kabisa.

Sikuwa nimemwomba akae mbali nami.